Jiwe, Wino na Mfalme: Safari ya Paris Katika Nyayo za Wachora Vibonzo

Jumanne: Galerie Véro-Dodat

Nimekuja Paris na swali moja. Kwa nini serikali ya Ufaransa, ambayo katiba yake ya mwaka 1830 iliahidi uhuru wa kuchapisha maoni, iliwaogopa wachora vibonzo hadi ikawafunga, ikawatoza faini na mwishowe ikawatungia sheria ya peke yao? Nimefundisha uchoraji kwa miaka mingi, na nimeona wanafunzi wengi wakidhani kuwa kibonzo ni kazi nyepesi ya kujazia nafasi gazetini. Ndiyo maana nimeamua kulifuata swali hili hadi mahali ambapo kazi zenyewe zilichorwa, zikachapwa, zikauzwa na kupelekwa mahakamani.

Nimeanzia dukani. Galerie Véro-Dodat ni njia ya maduka yenye paa la vioo, karibu na Palais-Royal, iliyojengwa mwaka 1826 na wauza nyama wawili ambao majina yao ndiyo inayobeba hadi leo. Sakafu yake ni ya vigae vyeusi na vyeupe, mbele za maduka ni za mbao nyeusi, na ilikuwa miongoni mwa njia za kwanza mjini kuwashwa taa za gesi. Hapa ndipo Gabriel Aubert alipofungua duka la picha zilizochapwa pamoja na shemeji yake Charles Philipon, mzaliwa wa Lyon wa mwaka 1800, aliyekuwa mchoraji wa kadiri tu lakini mhariri ambaye sijaona mfano wake katika historia ya vibonzo.

Mwezi Julai 1830 wakazi wa Paris walimpindua Charles X kwa siku tatu za mapigano mitaani, na Louis-Philippe akawekwa kwenye kiti cha enzi kwa ahadi kwamba udhibiti wa machapisho hautarudi kamwe. Philipon aliichukua ahadi hiyo kama ilivyoandikwa. Tarehe 4 Novemba 1830 alitoa toleo la kwanza la gazeti la kila wiki, La Caricature, na tarehe 1 Desemba 1832 akaongeza la kila siku, Le Charivari. Aliwakusanya wachoraji vijana: Honoré Daumier, Grandville, Traviès na wengine, akawapa mawazo, akawaandikia maneno ya chini ya picha, na alipohitajika akaenda jela.

Nimesimama kwa muda mrefu katikati ya njia hii nikitazama vioo vya maduka, kwa sababu dirisha la Aubert ndilo lililokuwa gazeti la watu wasioweza kununua gazeti. Usajili ulikuwa ghali, lakini picha zilibandikwa dirishani, na mpita njia yeyote, ajue kusoma asijue, aliweza kusimama na kuelewa. Ipo picha ya Traviès ya mwishoni mwa mwaka 1831 inayouonyesha umati wa kila tabaka umejazana mbele ya dirisha hilo. Mwenye kofia refu na mwenye fulana ya kazi wanatazama kitu kilekile, kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamsikia mwenzake akicheka.

Jumatano: Karakana ya litografia

Haiwezekani kuwaelewa wachoraji hawa bila kulielewa jiwe lao. Leo nimekaa nusu siku katika karakana ndogo ambako bado wanachapa kwa mawe, na fundi mmoja mwenye subira amenionyesha kazi hatua kwa hatua.

Litografia iligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, na msingi wake ni kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Mchoraji huchukua bamba zito la jiwe la chokaa lililosagwa hadi likawa laini, akachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mti wa mgunga iliyochanganywa na tindikali kidogo, ili sehemu zisizochorwa zishike maji na zikatae wino. Jiwe huloweshwa, rola ya wino hupitishwa, wino hushika pale tu palipo na mafuta, karatasi hulazwa juu, na mtambo hukandamiza. Kila kitu hutoka kimegeuka, kulia kukawa kushoto.

Kabla ya hapo, picha ya kuchapwa ilihitaji mchongaji wa shaba au mbao, mtu mwingine mwenye mkono mwingine, aliyefanya kazi kwa siku au majuma. Litografia ilimwondoa huyo mtu wa kati. Mchoraji aliyetoka bungeni jioni aliweza kuchora usiku, na picha ikawa dirishani siku chache baadaye, ikiwa na mguso wa mkono wake mwenyewe, uzito wa kalamu yake na hasira yake ikiwa bado moto. Vyombo vya dola vilivyozoea kumshika mwandishi kwa maneno yake vilikutana na kitu kilichotoka haraka kuliko amri za kukizuia.

Fundi amenieleza pia jambo ambalo limenihuzunisha: nakala zikishatosha, jiwe husagwa upya ili lichorwe picha nyingine. Daumier alichora takriban litografia 4,000 katika maisha yake, na karibu kila moja iliondoka jiweni ili kuipisha nyingine.

Alhamisi: Musée d'Orsay

Siku ya Alhamisi jumba hili la makumbusho huwa wazi hadi usiku, na nimeitumia nafasi hiyo kwa sababu nilitaka kukaa na vichwa 36 bila kusukumwa na umati. Ni sanamu ndogo za udongo usiochomwa, zilizopakwa rangi, ambazo Daumier alizifinyanga kuanzia mwaka 1832 hivi kwa agizo la Philipon. Nyingi hazizidi urefu wa kiganja na vidole. Udongo ambao haukuingia tanuruni huvunjika kwa urahisi, na nyufa zinaonekana hapa na pale. Ni ajabu kwamba zilivuka karne nzima na nusu kabla ya kununuliwa kwa ajili ya taifa mwaka 1980.

Hawa ni watu wa siasa wa utawala wa Louis-Philippe: wabunge, mawaziri, mahakimu. Yupo d'Argout mwenye pua inayotangulia uso mzima, ambaye wachora vibonzo walimpa pia mkasi mkubwa kwa sababu ya kazi yake ya kukata machapisho. Yupo Persil, mwendesha mashtaka, aliyekonda na kukunjamana. Yupo Guizot, msomi na waziri, ambaye mashavu na mdomo wake vimelegezwa na uchovu usio na mwisho. Yupo Prunelle, daktari aliyekuwa meya wa Lyon, nywele zimemwagika usoni na midomo imebanwa kwa dharau.

Nilichojifunza kwa kuvizunguka vichwa hivi ni kwamba Daumier hakutia chumvi ovyo. Angekuza kila kitu, angepata vinyago vya kuchekesha watoto. Yeye alitafuta sehemu moja ambayo tabia ya mtu imejificha, kope, au nyama ya chini ya kidevu, akaisukuma hiyo hadi mwisho, na sehemu nyingine akaziacha karibu na ukweli. Kwa hiyo mtazamaji hucheka, halafu huamini. Wanafunzi wangu wengi huanza na pua kubwa kwa kila mtu. Natamani ningewaweka mbele ya kabati hili la vioo kwa saa moja tu.

Kutoka kwenye vichwa hivi kilizaliwa mwaka 1834 kibonzo maarufu kinachoonyesha mabenchi ya bunge yamepinda kama nusu duara, na juu yake wabunge zaidi ya thelathini, matumbo mbele, wengine wamesinzia, wengine wananong'ona. Hakuna anayefanya uovu wowote katika picha ile. Wamekaa tu, wameshiba, na mtu anaelewa jinsi nchi ilivyotawaliwa.

Katika jumba hilihilo yupo Ratapoil wa shaba, ambaye Daumier alimfinyanga mwaka 1850 au 1851, wakati Louis-Napoléon, rais wa Jamhuri iliyomfuata Louis-Philippe na baadaye mfalme Napoléon III, alipokuwa akijiandaa kuipindua Jamhuri hiyo aliyoapa kuilinda. Ratapoil ni mpambe wa kukodiwa: mwili mkavu, kofia imepondwa, masharubu yamechongoka, rungu la kuegemea. Kazi yake ni kushangilia mitaani kwa malipo na kuwapiga wasioshangilia. Si mtu mmoja mwenye jina. Ni aina ya mtu, na aina hiyo huzaliwa upya kila palipo na mwanasiasa anayehitaji umati.

Mbele kidogo nimekuta mchoro wa mafuta aliouandaa mwaka 1848 kwa shindano la kuisawiri Jamhuri mpya: mwanamke mwenye nguvu amekaa, watoto wawili wananyonya, wa tatu yuko miguuni pake anasoma. Mkono uliowapunguza wakubwa ndio uliochora utukufu huu bila kejeli hata chembe. Nadhani mtu hawezi kuwadhihaki watawala kwa kina kile bila kuwa na picha ya utawala anaoutamani.

Ijumaa: Palipokuwa na gereza la Sainte-Pélagie

Nimesali sala ya Ijumaa katika Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, wenye mnara unaoonekana kutoka bustani ya mimea iliyo jirani. Baada ya sala nimetembea mitaa ya karibu, rue de la Clef na place du Puits-de-l'Ermite, kwa sababu hapa ndipo liliposimama gereza la Sainte-Pélagie kabla ya kubomolewa mwishoni mwa karne ya 19. Utawala wa Louis-Philippe uliwaweka humo wapinzani wake wa kisiasa: wanaharakati wa jamhuri, waandishi, kijana mwanahisabati Évariste Galois, na wachora vibonzo.

Kesi iliyoanza yote ni ya peasi. Philipon alikuwa ameshtakiwa kwa picha iliyoonyesha fundi mwashi mwenye sura ya mfalme akipiga plasta ukutani na kuzifunika ahadi za Julai 1830. Mahakamani, tarehe 14 Novemba 1831, alijitetea kwa kalamu. Picha haina jina la mfalme, alisema, haina taji wala nembo. Iliyobaki ni hoja ya kufanana, na kufanana hakuna mpaka. Akachora vichwa vinne mfululizo. Cha kwanza ni Louis-Philippe kamili, na nywele zake zilizosimama utosini na mashavu yaliyojaa. Cha pili kimelegea kidogo, cha tatu kimelegea zaidi, na cha nne ni tunda tu. Wanaoyajua mapeasi ya Lushoto watalikumbuka umbo lake, jembamba juu na pana chini. Je, mahakama itamfunga kila anayechora peasi, na kila mwenye mti wa mapeasi?

Mahakama ilimpa miezi sita gerezani na faini ya faranga 2,000. Lakini kuanzia siku hiyo mfalme alikuwa na uso mpya ambao hata mtoto aliweza kuuchora kwa mstari mmoja wa mkaa, na kuta za Paris zilijaa mapeasi. Wachoraji wa Philipon walilitumia tunda hilo kila namna. Mwezi Januari 1834 Le Charivari ilichapa vile vichwa vinne kwenye ukurasa wa kwanza ili mauzo yalipe faini nyingine ya faranga 6,000, na mwezi uliofuata, ilipolazimishwa kuchapa hukumu dhidi yake yenyewe, ilizipanga herufi za hukumu hiyo katika umbo la peasi. Katika yote niliyosoma kuhusu uhuru wa kusema, sikumbuki hoja ya kisheria iliyojengwa kwa uzuri kama ile michoro minne.

Daumier aliingia Sainte-Pélagie kwa picha nyingine, ya Desemba 1831. Alimchora mfalme kama jitu lafi la masimulizi ya kale, Gargantua, ameketi kwenye kiti kikubwa chenye tundu. Ubao mrefu umetoka kinywani mwake hadi ardhini, na watumishi wanaupanda wakiwa wamebeba vikapu vya fedha zilizokusanywa kutoka kwa maskini waliosimama chini, wanawake wenye watoto na vilema. Jitu linameza, na chini ya kiti zinatoka nishani na hati za vyeo ambazo wabunge wanazigombania. Mzunguko mzima wa kodi na upendeleo umewekwa katika mwili mmoja. Februari 1832 alihukumiwa miezi sita na faini ya faranga 500. Kifungo hakikutekelezwa papo hapo. Yeye hakuacha kuchora, na mwezi Agosti wakaja kumkamata nyumbani kwa wazazi wake. Alikuwa na umri wa miaka 24, mtoto wa fundi wa vioo kutoka Marseille, na mshahara wake ndio ulioisaidia familia. Sehemu ya mwisho ya kifungo aliimalizia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ingawa hakuwa mgonjwa, na akaachiwa mwanzoni mwa mwaka 1833.

Jumamosi: Rue Beaubourg na Boulevard du Temple

Rue Transnonain haipo tena. Ilimezwa na rue Beaubourg mji ulipopangwa upya, na nyumba iliyokuwa namba 12 ilikuwa mahali panapohesabiwa leo kuwa namba 62. Nimefika asubuhi. Hakuna kinachomwambia mpita njia kilichotokea hapa usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1834.

Siku zile wafumaji wa hariri wa Lyon walikuwa wameasi, na Paris nayo ikaweka vizuizi mitaani. Katika kuvunja vizuizi hivyo, askari waliamini kwamba walipigwa risasi kutoka katika nyumba hii. Wakaingia wakapanda ngazi, mlango hadi mlango, na kuwaua watu 12 waliokuwa wakazi wa kawaida wa jengo, wengine wakiwa bado na nguo za kulalia.

Daumier alichora chumba kimoja tu. Kitanda kimevurugika, shuka limeanguka pamoja na mwenyewe. Mwanamume mwenye kofia ya kulalia na shati lililopanda hadi mapajani amekaa nusu, amelala nusu, mgongo ukiwa kitandani, na chini ya mwili wake kuna mtoto mchanga aliyepasuka kichwa. Kushoto, gizani, miguu ya mwanamke. Kulia, kichwa cha mzee kimeingia kwenye pembe ya karatasi kana kwamba picha haikuwa na nafasi ya kuwaweka wote. Kiti kimepinduka. Hakuna askari, hakuna bendera, hakuna pua iliyorefushwa. Mshairi Baudelaire, aliyeandika juu ya wachora vibonzo wa nchi yake mwaka 1857, alisema kwamba hiki si kibonzo hasa bali ni historia, na sina la kumpinga. Ila ningeongeza kwamba ni mchora vibonzo pekee aliyeweza kukichora. Alikuwa amezoea kuondoa kila kisicho cha lazima, na hapa aliondoa hata kicheko. Picha ilitolewa kwa wasajiliwa wa mfuko maalumu wa Philipon, ambao kila mwezi ulichapa karatasi kubwa moja ili kuchangia faini za magazeti yake, na polisi walizisaka nakala zake.

Mchana nimepumzika Musée Carnavalet, jumba la historia ya mji, ambalo makusanyo yake ya kudumu hutazamwa bila malipo. Humo zipo sanamu ndogo za dhihaka za Dantan, aliyewafinyanga wanamuziki na waigizaji wa zama zake. Ni kazi za ustadi na za furaha, lakini baada ya asubuhi ile sikuzitazama kwa muda mrefu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Boulevard du Temple. Tarehe 28 Julai 1835 mfalme alipita hapa na gwaride la kuadhimisha mapinduzi ya 1830, na mtu aitwaye Fieschi akalipua kutoka dirishani mashine ya mitutu 25 ya bunduki iliyofungwa pamoja. Watu 18 walikufa. Mfalme alipona. Siku moja kabla yake Le Charivari ilikuwa imetoka kwa wino mwekundu, ikikumbusha damu iliyomwagwa chini ya utawala huo, na serikali haikuhitaji ushahidi mwingine.

Sheria za Septemba 1835 ndizo zilizolijibu swali langu waziwazi. Katiba ilikataza udhibiti, na serikali haikudai kwamba imeufuta uamuzi huo. Ilidai kwamba katiba inalinda maoni, na maoni hukaa katika maandishi. Picha, iwe ni ya karatasi au ya jukwaa la maigizo, huyasemesha macho, na kwa hiyo si maoni tena bali ni kitendo. Aliyeipeleka hoja hiyo bungeni ni Persil, sasa akiwa waziri wa sheria, yuleyule niliyemwona juzi kwa udongo mkavu. Mwandishi angeendelea kuandika na kushtakiwa baadaye, ila mchoraji alitakiwa kupata kibali kabla. La Caricature ilikuwa imeshafungwa mwezi Agosti. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba ilikuwa na uelewa wa kweli wa nguvu ya picha. Dirisha la Aubert lilimsemesha mtu ambaye gazeti la maneno halikumfikia, tena akiwa katikati ya wenzake, na huyo ndiye waliyemwogopa.

Jumapili: Quai d'Anjou

Matembezi mafupi kisiwani Île Saint-Louis, hadi nyumba namba 9 ya quai d'Anjou, ambako Daumier alihamia mwaka 1846 alipomwoa Marie-Alexandrine Dassy, mshona nguo. Mto Seine uko chini kabisa ya ukuta. Wanawake wafua nguo waliopanda ngazi hizi na vifurushi vyao ndio aliowachora kwa rangi za mafuta, wazito na wenye heshima.

Jumatatu: Saint-Denis

Nimepanda metro kuelekea kaskazini hadi Saint-Denis, kwenye jumba la makumbusho la Paul Éluard, lililo katika nyumba ya zamani ya watawa wa Karmeli. Wana mkusanyo mkubwa wa litografia za Daumier, na leo nilitaka kuona alichofanya baada ya mwaka 1835, mfalme alipokuwa haruhusiwi kuchorwa.

Jibu la Philipon na Daumier lilikuwa Robert Macaire, tapeli waliyemchukua kutoka jukwaani, ambako mwigizaji Frédérick Lemaître alikuwa amempa uhai. Kati ya mwaka 1836 na 1838 walitoa picha 100 za kwanza. Macaire anauza hisa za migodi isiyokuwepo, anafungua benki, anakuwa wakili, daktari, mwandishi wa habari, dalali wa ndoa; kila mara kavaa vizuri, kila mara na msaidizi wake mkondefu Bertrand nyuma yake. Sheria ilimlinda mfalme, lakini haikuweza kuulinda mfumo wa fedha uliomzunguka. Naziona picha hizi kuwa za kisiasa kuliko nyingi za kabla ya sheria, kwa sababu mfalme anaweza kuondoka, na Louis-Philippe aliondoka kweli mwaka 1848, lakini Macaire alibaki.

Zikaja picha za mawakili na mahakimu, miaka ya 1845 hadi 1848. Daumier alipokuwa mvulana aliwahi kutumwa kama tarishi katika ofisi ya dalali wa mahakama, na aliyajua majoho meusi kwa karibu. Wakili anamlilia mahakimu kwa machozi ya kazi. Mjane na mtoto wake wameshindwa kesi, na wakili anapita mbele yao kidevu juu.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa Daumier hulipita haraka. Katika miaka ya 1840 alichora pia mfululizo wa kuwacheka wanawake waandishi, waliotaka haki ya talaka, na waliojiunga na siasa za kijamaa. Wamechorwa wabaya wa sura, wanatupa watoto, waume zao wanashona vifungo. Mkono ni uleule, ustadi ni uleule, lakini safari hii kalamu ilisimama na wenye nguvu. Wanawake wale hawakuwa na kura wala kiti bungeni, na sheria iliwaweka chini ya waume zao. Kuwadhihaki hakukuhitaji ujasiri.

Na lipo la pili, lililonikaa moyoni zaidi. Haiti ilipopata mfalme aliyejiita Faustin wa Kwanza mwaka 1849, magazeti ya Paris yalimgeuza kichekesho. Cham, mchoraji wa Le Charivari aliyezaliwa Amédée de Noé, katika ukoo uliowahi kumiliki mashamba ya watumwa katika koloni lililokuja kuwa Haiti, alitoa mwaka 1850 mkusanyo mzima wa picha zinazomdhihaki mtawala huyo na baraza lake, na Daumier naye alimchora. Wanahistoria hueleza kwamba mlengwa mara nyingi alikuwa Louis-Napoléon, aliyefananishwa kwa siri na mtawala mweusi. Nakubali maelezo hayo, lakini hayaniridhishi. Ili mzaha huo ueleweke, mchekaji alipaswa kuamini kwanza kwamba Mwafrika mwenye taji ni kitu cha kuchekesha kwa asili yake. Nimezitazama picha hizo nikiwa Mwafrika, na sikuona hapo ule uangalifu wa vichwa 36 vya udongo. Niliona midomo na macho yaleyale ambayo kila mchoraji mvivu wa Ulaya aliyatumia. Aliyeweza kumtofautisha kila mbunge kwa kope zake hakumtazama mtu huyu.

Jumanne: Valmondois

Treni kutoka Gare du Nord, halafu kijiji kwenye bonde. Daumier aliishi hapa miaka yake ya mwisho, macho yakififia, katika nyumba ambayo mchoraji Corot alimsaidia kuipata. Kabla ya macho kumwacha aliiona dola ya Napoléon III ikianguka katika vita na Prussia. Oktoba 1870 alichora kijiji kilichoteketea, maiti zimelala kati ya nguzo za nyumba zinazofuka moshi, na chini yake akaweka ahadi aliyoitoa Louis-Napoléon mwaka 1852 kwamba dola yake ni amani.

Mwaka 1878 rafiki zake walimfanyia maonyesho ya michoro yake ya rangi katika jumba la Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha, mwandishi Victor Hugo akiwa rais wa heshima wa kamati. Mauzo hayakurudisha gharama. Alifariki hapa Februari 1879, na mwaka uliofuata mwili wake ulihamishiwa makaburi ya Père-Lachaise, karibu na Corot.

Jumatano: Montmartre

Siku ya mwisho nimeiweka kwa André Gill, wa kizazi kilichofuata, ambaye mtaa mmoja wa hapa una jina lake, na ambaye sungura wake anayeruka kutoka sufuriani ndiye aliyewapa jina wenye mgahawa wa Lapin Agile.

Louis-Napoléon alipokwisha kuipindua Jamhuri alirudisha kibali cha picha mwaka 1852, na chini ya utawala wake ikatakiwa pia idhini ya mtu anayechorwa. Ndiyo maana vibonzo vya Gill katika gazeti la La Lune, vichwa vikubwa juu ya miili midogo, mara nyingi vina barua fupi ya mhusika iliyochapwa chini yake: namruhusu Bwana Gill anichore. Wapo walioiandika kwa furaha. Mshairi Lamartine alikataa. Novemba 1867 Gill alimchora Rocambole, jambazi wa hadithi za magazetini, nusu bwana na nusu mhalifu, na wasomaji wakamtambua Napoléon III. La Lune ikafungwa, likazaliwa L'Éclipse, na Agosti 1868 gazeti hilo jipya likakamatwa kwa sababu ya tikiti lenye uso wa mtu, ambalo wenye mamlaka hawakuweza kueleza linamtukana nani. Ilikuwa imepita miaka 37 tangu peasi la Philipon, na bado dola ya Ufaransa ilikuwa inalipeleka tunda kwa hakimu.

Kibali cha picha kilifutwa na sheria ya uhuru wa magazeti ya tarehe 29 Julai 1881. Tangu hapo mchoraji angejibu mahakamani baada ya kuchapisha, sawa na mwandishi, na ule utengano uliotungwa mwaka 1835 kati ya maoni na kitendo ukaondoka katika sheria. Magazeti ya vibonzo yakaongezeka haraka. Gill hakuyafaidi: vuli ya mwaka huohuo akili yake ilivurugika, akapelekwa hospitali ya Charenton, na huko akafariki mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 44.